Moshi wa Wengi, Hatia ya Nani?

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Aonaye moshi hutafuta moto, na auonapo moto hutafuta aliyeuwasha. Ndivyo tulivyozoea kuhukumu mambo: pakiwa na dhara, yuko aliyelitenda; naye akipatikana, haki yaweza kutimizwa. Lakini tuseme nini ikiwa dhara ni kubwa, na walioshiriki kulitenda ni watu milioni, na kila mmoja wao hakufanya ila jambo dogo, la halali, la kila siku? Hapo ahukumiwe nani? Twapenda juma hili kulitafakari swali hilo pamoja na wasomaji wetu, maana si swali la wanafunzi wa falsafa peke yao. Linamhusu kila mwenye motokaa, kila apandaye basi, na kila mama auguzaye mtoto mwenye pumu.

Hatutaki kulijadili kwa maneno matupu. Na tuutazame mji mmoja ambao swali hili liliuangukia kabla ya miji mingine, yaani Los Angeles, katika jimbo la California, Marekani.

Tarehe 26 Julai 1943, wakati wa vita kuu, wenyeji wa mji ule walijikuta wamefunikwa na ukungu mzito uliowasha macho na kukereketa koo, hata majengo ya mbali kidogo yasionekane. Wako waliodhani kwamba Wajapani wameushambulia mji kwa gesi ya sumu. Hofu hiyo ilipotulia, lawama ilihamia kwenye kiwanda kimoja kilichotengeneza kitu cha kufanyizia mpira usio wa mti. Kiwanda kikasimamishwa, lakini ukungu haukuondoka. Wakalaumiwa wenye viwanda vya kusafisha mafuta. Wakalaumiwa na wananchi waliochoma taka katika nyua zao. Mwaka wa 1947 iliundwa idara maalumu ya kuangalia hewa ya wilaya nzima, na masizi ya viwandani yakaanza kupungua. Lakini macho yaliendelea kuwasha. Moshi ulionekana wazi. Moto wake ndio uliotafutwa usipatikane.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa mtaalamu mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyefundisha katika chuo cha sayansi mjini Pasadena, karibu na Los Angeles. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza kinacholipa nanasi ladha na harufu yake. Alichanganya mvuke wa petroli na gesi za nitrojeni, akaviweka chini ya mwanga. Vikatoa yale yale yaliyowasumbua watu mjini: macho yakawasha, majani ya mimea yakaungua, na vipande vya mpira vikapasuka. Alichapa matokeo yake mwaka wa 1952. Wenye viwanda vya mafuta walimpinga kwa nguvu. Lakini ukweli haukubadilika. Moto uliotafutwa ulikuwa ndani ya injini za motokaa, pamoja na viwanda, na mpishi wake alikuwa jua.

Yafaa tueleze kidogo jinsi jambo hili litendekavyo, maana bila kulifahamu hatutaweza kulipima. Hewa tuvutayo ni nitrojeni na oksijeni hasa. Gesi hizi mbili hukaa pamoja kwa amani, kama majirani wasioingiliana. Lakini ndani ya injini, penye joto kali mno, huungana, zikatoka katika bomba la moshi zikiwa gesi mpya. Gesi hiyo ikifika hewani hugeuka kuwa gesi ya pili, yenye rangi ya kahawia. Mwanga wa jua huipiga gesi hii ya kahawia na kuivunja. Chembe moja ya oksijeni hubanduka, ikaungana na oksijeni ya kawaida, na hapo huzaliwa ozoni.

Kama mambo yangekoma hapo, dhara lingekuwa dogo, kwa sababu ozoni hiyo huliwa upesi na ile gesi ya kwanza itokayo katika injini, na hesabu ikarudi pale pale. Lakini yuko mshiriki wa tatu. Petroli isiyoungua yote, na ile inayoruka kama mvuke katika matangi na vituo vya mafuta, huingia hewani nayo. Mvuke huo ukiguswa na jua huigeuza gesi ya kwanza kuwa ya kahawia pasipo ozoni kutumika. Basi ozoni yazidi kuzaliwa, na wa kuila amepungua. Huongezeka saa kwa saa tangu asubuhi hata alasiri. Ozoni ikiwa juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua. Lakini ikiwa huku chini tunakovuta pumzi, huwasha koo, huvimbisha njia za hewa mapafuni, na kumzidishia mgonjwa wa pumu taabu yake. Pamoja nayo huzaliwa gesi nyingine ziumizazo macho na mimea.

Katika Los Angeles hali ya nchi ilizidisha balaa. Milima imeuzunguka mji upande wa bara, na mara nyingi tabaka la hewa ya joto hulala juu ya hewa baridi itokayo baharini, likaifunika kama kifuniko cha chungu. Vyote vilivyotoka katika mabomba ya moshi vikawa havina pa kwenda.

Sasa msomaji na atazame jambo hili kwa jicho la dhamiri. Mtu mmoja anaondoka asubuhi kwenda kazini kwa motokaa yake. Hakuiba, hakusema uongo, hakumpiga mtu. Kitokacho katika bomba lake la moshi, kikiwa peke yake, chatawanyika bila kumdhuru yeyote. Watu milioni wanafanya kama yeye. Jua linapanda. Upepo wa baharini unavuma kwenda bara, na alasiri ozoni inafika San Bernardino, maili 60 hivi mashariki, ambako mtoto anayecheza uwanjani anaanza kukohoa. Mtoto yule hana motokaa. Misonobari ya milima iliyo juu ya mji ule ilipata manjano na kudhoofika, ingawa hapakuwa na kiwanda karibu nayo. Atendaye yuko mahali pamoja, na aumiaye yuko pengine. Kitendo ni cha asubuhi, na maumivu ni ya alasiri. Hawajuani, wala hawatajuana kamwe.

Hapa ndipo lizaliwapo lile neno tulisikialo kila mahali: "Changu ni kidogo. Nikiacha mimi, hewa haitabadilika." Hatusemi kwamba neno hili ni upumbavu. Sehemu yake ya kwanza ni kweli tupu: moshi wa motokaa moja ni kidogo. Hata ile ya pili yaweza kuwa kweli. Lakini ebu tulifuate neno hilo mpaka mwisho wake. Kama lamwondolea mmoja wajibu, lawaondolea wote, maana kila mmoja aweza kulisema kwa haki ile ile. Na likiisha kuwaondolea wote, tutakuwa tumesema kwamba mtoto anakohoa, na hakuna mtu hata mmoja anayehusika. Neno litufikishalo kwenye mwisho wa namna hiyo lina kasoro mahali fulani.

Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kuchanganya hatia na wajibu. Hatia hupimwa kwa kile alichotenda mtu, na kweli ikigawanywa kwa watu milioni, fungu la kila mmoja huwa jembamba kama uzi. Wajibu haupimwi hivyo. Fikirini kijiji chenye kisima kimoja, na kila mwanakijiji anawa miguu yake humo. Uchafu wa mmoja hauonekani. Lakini siku wote wanapojua kwamba maji yameharibika, na yameharibika kwa sababu hiyo, hakuna awezaye kusema kwamba wajibu wake wa kukihifadhi kisima ni sehemu moja ya mia. Kila mmoja anao wote mzima: wajibu wa kuacha kunawa humo, wa kuhudhuria baraza la kijiji, na wa kuitii amri itakayotolewa. Hatia hugawanyika, wajibu haugawanyiki. Na wajibu huo huanza siku ile mtu anapojua. Wakazi wa Los Angeles wa mwaka wa 1943 hawakujua, nasi hatuwalaumu. Baada ya mwaka wa 1952 ilikuwa vigumu kusema hivyo.

Lakini mtu asitufahamu vibaya. Tukisema kwamba wote wana wajibu, hatusemi kwamba wote wanao kwa kipimo kimoja. Aliye na uwezo mwingi hudaiwa mengi. Mwaka wa 1953 mjumbe wa baraza la wilaya ya Los Angeles, Kenneth Hahn, alianza kuwaandikia watengenezaji wa motokaa wa Detroit kuwauliza watafanya nini. Jibu moja alilopewa lilisema kwamba moshi wa motokaa hutawanyika upesi hewani, wala hauleti taabu. Aliendelea kuandika barua miaka mingi. Mwaka wa 1969 Serikali ya Marekani iliyashtaki makampuni makubwa ya motokaa kwamba yalikuwa yamepatana kuchelewesha vyombo vya kupunguza moshi. Shauri lilimalizwa mwaka ule ule kwa mapatano, bila mahakama kutoa hukumu ya kosa. Hata hivyo jambo lenyewe lafundisha. Mwenye motokaa hawezi kununua chombo ambacho hakijatengenezwa. Wakubwa wakikaa kimya, wadogo hubaki na nia njema isiyo na mikono.

Ndiyo maana twasema kwamba uovu wa wengi hauondolewi kwa wema wa mmoja mmoja tu, bali kwa sheria iwafungayo wote sawa. California iliweka kipimo cha moshi wa motokaa mpya kuanzia zile za mwaka wa 1966, na mwaka wa 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria kali ya hewa kwa nchi nzima. Motokaa za mwaka wa 1975 zikaanza kuwekwa chombo ambacho mafundi wetu hukiita masega, kwa sababu ndani yake mna vijitundu vingi kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani. Moshi ukipita humo, mvuke wa petroli humaliziwa kuungua. Na masega yaliyokuja baadaye huzivunja pia gesi za nitrojeni, zikarudi kuwa hewa ya kawaida. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli huyaharibu masega; kwa hiyo ilibidi petroli isiyo na risasi iuzwe. Vituo vya mafuta navyo vikalazimishwa kuunasa mvuke wake. Na kabla ya hayo yote, mwaka wa 1957, kuchoma taka nyuani kulikwisha pigwa marufuku katika wilaya ile.

Je, kulikuwa na faida? Kilele cha ozoni katika nchi ile leo ni chini ya theluthi moja ya kile cha miaka ya 1950, ingawa watu na motokaa wameongezeka sana. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Southern California waliyapima mapafu ya watoto zaidi ya 2,000 katika vipindi mbalimbali, na mwaka wa 2015 wakatangaza kwamba, kadiri hewa ilivyosafishwa, mapafu ya watoto yalikua vizuri zaidi. Wazazi wa watoto wale hawatajua kamwe ni sheria ipi, au ni jirani yupi, aliyewapa pumzi hiyo. Mema ya wengi nayo hayana jina la mtu. Kazi haijaisha, maana mji ule ungali miongoni mwa miji yenye ozoni nyingi kabisa Marekani.

Lakini sheria peke yake haitoshi ikiwa kila raia aitafutia mlango wa nyuma. Mji wa Mexico ulitoa funzo hilo. Mwaka wa 1989 serikali ya huko iliamuru kwamba kila motokaa ikae nyumbani siku moja ya kazi katika juma, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba yake. Amri ilikuwa nzuri machoni. Lakini watu wengi walitafuta motokaa ya pili, mara nyingi iliyochakaa na yenye moshi zaidi, ili wasikose kusafiri siku ile. Uchunguzi uliochapwa mwaka wa 2008 haukuona dalili kwamba amri hiyo ilikuwa imeisafisha hewa. Kila mmoja alikuwa ametii maandishi ya sheria, na wote pamoja walikuwa wameibatilisha.

Tena nia njema yahitaji elimu. Katika Los Angeles, kwa miaka mingi, ilionekana kwamba siku za Jumamosi na Jumapili, malori yapunguapo barabarani, ozoni haikupungua bali mara nyingi ilizidi. Sababu tumekwisha itaja: gesi ya kwanza, ambayo huila ozoni, ilipungua kuliko mvuke wa petroli. Mtu asiyejua angesema, basi na tuyarudishe malori! Mwenye kujua husema kwamba ni lazima kupunguza vyote viwili pamoja, tena kwa kiasi kikubwa. Busara ni kuujua ukweli wa jambo kabla ya kulitendea kazi.

Msomaji wa Dar es Salaam, wa Nairobi au wa Mwanza ataweza kuuliza: hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, maana vitu vitatu vitakiwavyo ni injini, mvuke wa petroli na jua, na jua sisi tunalo mwaka mzima. Magari yanaongezeka katika miji yetu kila mwaka, na mengi ni yale yaliyokwisha tumika ng'ambo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2020 ilisema kwamba kati ya mwaka wa 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa ililetwa Afrika. Mengi kati yake hayakuwa yamefikia vipimo vizuri vya moshi. Tena wako watu ambao, gari likiisha kufika, huyang'oa masega na kuyauza kwa ajili ya madini yaliyomo. Fedha huingia mfukoni mwa mmoja. Moshi huingia kifuani mwa wote.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Karibu nchi zote za Afrika kusini ya Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Nchi za Afrika Mashariki zilipatana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na salfa nayo ni adui wa masega. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendokasi mwaka wa 2016, na basi moja lililojaa huondoa barabarani magari mengi. Haya yaonyesha kwamba tukitaka twaweza.

Yabaki yale ya kila nyumba. Mwenye gari na alitengeneze injini yake kwa wakati, asiyauze masega, afunge vema kifuniko cha tangi, na azime injini anapomngoja mtu. Mwenye safari fupi na aende kwa miguu. Baba wa nyumba na aache kuchoma taka za plastiki uani, maana moshi wake haujui mpaka wa kiwanja. Mwenye kukagua magari na asipokee kitu ili kulipitisha lile lisilofaa. Mia zake mbili tatu zina mtoto wa mtu ndani yake. Na sote tudai kwa wale tunaowachagua kwamba hewa ipimwe, na vipimo vitangazwe, ili tusiendelee kusema kwamba hatukujua.

Lakini haki yatudai neno moja zaidi. Yuko mtu mwenye gari moja kuukuu, alilolinunua kwa mkopo, nalo ndilo liwalishalo watoto wake. Kumwambia yeye alipe sawa na mwenye magari matano si haki. Sheria ya hewa ikimwangukia maskini peke yake, atailaumu, naye atakuwa na sababu. Mzigo na upimwe kwa bega. Yule aliyeliuza gari bovu huku akijua ubovu wake, na yule aliyelipitisha bandarini, wana deni kubwa kupita yule aliyelinunua kwa shida.

Basi tulirudie swali letu. Nani ahukumiwe kwa moshi wa wengi? Jibu letu ni kwamba swali lenyewe lahitaji kugeuzwa. Anayetafuta wa kuhukumiwa atatafuta mpaka jua litue, kama watu wa Los Angeles walivyohama kutoka kiwanda hiki kwenda kile, na kumbe kila mmoja wao alikuwa ameuacha moto ukinguruma mlangoni pake. Yafaa tuulize: nani anajua sasa, na aweza nini? Kwa swali hilo hakuna awezaye kusema kwamba halimhusu. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo tunapoweka akiba. Hewa nayo hujazwa hivyo hivyo, kwa mema au kwa mabaya, na kibaba chake ni kifua cha mtoto.